Habib Saleh: Aliyewaita Watu kwa Tari Akawaketisha kwa Kitabu

Mfungo Sita mmoja ulinikuta Nakuru, mbali na bahari, katika mji ule wa baridi ulio baina ya ziwa na mlima Menengai. Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli zangu. Niliswali Magharibi katika msikiti mdogo upande wa Bondeni, na nilipokuwa natafuta viatu vyangu nitoke, nikasikia matari. Yalipigwa polepole, kwa mpigo wa Lamu, mpigo ambao mtu wa pwani hata akiwa usingizini ataujua. Nikafuata sauti mpaka chuoni, nyuma ya msikiti.

Nilikuta watoto kiasi cha ishirini wameketi juu ya mikeka. Walikuwamo wa Kinubi na wa Kisomali, na walikuwamo wa Kikuyu na Kikalenjin ambao wazazi wao wamesilimu. Ukutani palikuwa na misumari ya kutundikia matari, na chini yake zimepangwa mbao za kuandikia khati. Mwalimu wao, kijana mpole mwenye koti zito juu ya kanzu, alinieleza utaratibu wake. Mtoto hagusi tari mpaka asome somo lake la siku hiyo, kisha aonyeshe mstari wake wa khati. Akishamaliza, ruhusa, apige na aimbe kaswida mpaka mkono uchoke.

Mmoja katika wale watoto aliuliza swali. Alitaka kujua kama maulidi haya waliyokuwa wakijifunza yametoka Makka au yamezaliwa pale pale Nakuru. Mwalimu akanigeukia mimi, kwa kuwa ni mgeni wa pwani na mvi zimeniingia. Nikajibu kwa ufupi kwamba yamepitia Lamu, kwa mkono wa mtu aitwaye Habib Saleh. Usiku ule nililala na haya. Jibu lile lilikuwa fupi mno kwa mtu mkubwa kama yule. Basi, wasomaji wapenzi, haya niandikayo leo ni deni ninalomlipa mtoto yule.

NGAZIJA HADI LAMU

Jina lake kamili ni Sayyid Saleh bin Alawi bin Abdallah, wa ukoo wa masharifu wa Jamal al-Layl. Asili ya ukoo huo ni Hadhramaut. Wazee wao walivuka bahari zamani wakatua Pate, na kutoka Pate baadhi yao wakateremka hadi visiwa vya Ngazija. Huko Ngazija, katika mji wa Singani, ndiko alikozaliwa Sayyid Saleh, katikati ya karne ya 19.

Alikuja Lamu angali kijana, akafikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekuwa ameshahamia huko. Lamu wakati huo ilikuwa ni mji wa elimu. Walikuwako wanazuoni wenye sifa, na aliyejulikana sana miongoni mwao ni Sayyid Abubakar bin Abdurrahman, yule ambaye watu humwita Mwenye Mansab, mshairi na mwanachuoni aliyeyatia Maulidi ya Barzanji katika tungo za Kiswahili. Kijana wa Kingazija alikaa chini ya wanavyuoni wa Lamu, akasoma fiqihi, akasoma lugha ya Kiarabu, akasoma tafsiri na hadithi, hata naye akawa mtu wa kusomesha.

Lakini ili tuijue kazi aliyoifanya, yatupasa kwanza tuujue mji wenyewe jinsi ulivyokuwa.

MJI WA PANDE MBILI

Lamu ya zama zile ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, ikiongozwa na liwali wake. Mji ulikuwa na pande mbili. Upande wa kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe, milango ya nakshi na vidaka vya kuwekea sahani za Kichina. Humo walikaa wangwana, wenye mashamba na wenye majahazi. Upande wa kusini ni Langoni, penye nyumba za udongo na makuti, walikokaa wageni waliohamia, mafundi, wagema na wachukuzi. Aidha mji mzima ulikula kwa jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara na kubeba mizigo forodhani.

Watumwa hao walikuwa Waislamu. Waliswali, walifunga, na wakifa walizikwa Kiislamu. Lakini katika elimu mlango wao ulikuwa mwembamba. Mtumwa alifunzwa kiasi cha kumwezesha kuswali na kujitwahirisha, basi. Elimu ya vitabu, elimu ya kumfanya mtu aitwe sheikh, ilikuwa ni mali ya majumba makubwa, ikirithiwa kama vile milango ya nakshi inavyorithiwa. Maulidi nayo yalisomwa katika majumba hayo hayo, kwa Kiarabu, watu wameketi kwa heshima na daraja zao. Mtumwa akiwako hapo, alikuwako kwa ajili ya kupeleka kahawa na kufukiza ubani.

Walichokuwa nacho wanyonge wale ni ngoma. Siku ya mapumziko walikwenda viwanjani wakacheza ngoma zao na wakaimba nyimbo zao. Wenye elimu walizitazama ngoma hizo kama mchezo wa wajinga, na wengine waliziona ni njia ya kumwendea Shetani.

Ndipo Sayyid Saleh alipofanya jambo ambalo hakuna mtu wa daraja yake aliyetarajiwa kulifanya. Alikwenda akakaa Langoni.

TARI NA DARASA

Hakwenda kwa ziara ya siku moja. Alijenga kibanda chake huko, akawa jirani. Aliwafunza watu dini wakiwa kwao, akawatembelea wagonjwa wao, na kwa kuwa alikuwa na ujuzi wa utabibu wa kienyeji na wa vitabu, aliwatibu pia. Akazitazama ngoma zao kwa jicho jingine. Aliwaona watu wanaojua kupanga sauti, kushikana safu, kuitikiana na kuinama pamoja. Aliona vilevile kwamba mtu anayeimba hukumbuka. Mwanamume aliyechoka na jembe kutwa nzima hataweza kukaa chini ya kitabu saa tatu, lakini ataweza kuimba, na alichokiimba usiku atakuwa nacho asubuhi akienda shambani.

Basi inasimuliwa Lamu hata leo kwamba hakuwaambia waache kuimba. Aliwapa maneno mengine ya kuimba. Sifa za Mtume, rehema na amani zimshukie, zikaingia pale palipokuwa na maneno ya mchezo. Tari, lile duara la mti lenye ngozi upande mmoja, likashika nafasi yake katika mikono iliyozoea ngoma. Mtu aliyedhani hana chochote cha kumpelekea Mola wake akaambiwa kwamba ana sauti na ana mikono, navyo vinatosha kuanzia.

Nasema kuanzia, na neno hili ndilo kiini cha maisha ya Habib Saleh. Baada ya tari palikuwa na darasa. Waliovutwa na kaswida walikalishwa, wakafunzwa kusoma, wakafunzwa fiqihi, na waliokuwa na akili ya kupanda walipandishwa hadi vitabu vikubwa. Watoto wa watumwa na watoto wa wageni wakawa wanakaa katika mduara mmoja na watoto wa masharifu. Lamu haikuwa imeona jambo hilo.

RIYADHA

Kadiri wanafunzi walivyoongezeka, kibanda hakikutosha. Alipatiwa ardhi nyuma ya Langoni, na hapo ukainuka msikiti na chuo chake, na mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo palikuwa pameshatiwa wakfu. Aliuita Riyadha. Jina hilo alilichukua kwa msikiti wa Riyadh ulioko mji wa Seiyun, Hadhramaut, uliojengwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915.

Habari ya watu wawili hawa ni ya ajabu. Sayyid Saleh alimhesabu Habib Ali kuwa ni sheikh wake, ilhali mmoja yuko Lamu na mwengine yuko Seiyun. Walijuana kwa barua na kwa wasafiri waliokuja na majahazi ya kaskazi. Habib Ali naye, katika mwisho wa umri wake, alitunga kitabu cha maulidi kiitwacho Simt al-Durar, ambacho sisi watu wa pwani hukiita kwa ufupi Maulidi ya Habshi. Kitabu hicho kilipofika Lamu, kilimkuta mtu aliyekuwa tayari na matari, tayari na sauti, tayari na watu.

Huko Seiyun maulidi hayo husomwa Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, na Riyadha ikafuata desturi hiyo hiyo. Watu hupanga safu mbili zikiangaliana. Msomaji husoma mlango, kisha safu huitikia kaswida kwa matari, miili ikiyumba pamoja kama mashua zilizofungwa ufukoni. Ifikapo habari ya kuzaliwa kwa Mtume, wote husimama. Ubani hufukizwa, marashi hunyunyizwa, na tajiri hunyunyiziwa katika safu ile ile aliyosimama mchukuzi. Asiyejua Kiarabu hushika wimbo kwanza, kisha neno, kisha maana, na maana akiitafuta ataipata kesho yake darasani.

Huku wakati ulikuwa ukigeuka. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, na mwaka 1907 hukumu ya utumwa ikafutwa katika pwani ya Kenya. Watumwa wakawa huru kwa karatasi. Lakini karatasi ya serikali haimfundishi mtu namna ya kutembea kifua mbele mbele ya aliyekuwa bwana wake. Pale Riyadha kazi hiyo ilikuwa imeshaanza kabla ya karatasi kuandikwa, na iliendelea baada yake. Mtu aliyehitimu kwa Habib Saleh aliweza kuwasalisha watu, na nyuma yake akaswali mtoto wa mngwana.

WALIOMPINGA

Tusije tukadhani kwamba mambo yalikwenda bila uchungu. Wakubwa wengi wa mji walichukia. Wengine walichukia kwa sababu ya heshima yao, maana waliona kwamba mpaka uliowekwa na babu zao unafutwa na mgeni wa Kingazija. Na wengine walikuwa na hoja ya dini, nao ni watu wa kuheshimiwa. Walisema tari ni la harusini, na msikiti ni mahali pa sala na utulivu. Leo likiingia tari, kesho litaingia nini? Waliosema hivyo waliendelea na Barzanji yao majumbani na hawakutia mguu Riyadha.

Habari zilizohifadhiwa zamwonyesha Habib Saleh kuwa ni mtu asiyependa kugombana. Aliendelea kusomesha, na kila mwaka mduara wake ulikuwa mkubwa kuliko mwaka uliopita. Pole pole hata baadhi ya majumba makubwa yalianza kumpelekea watoto, kwa sababu elimu ilikuwa imehamia huko.

Mjadala wenyewe haukufa. Katika karne hiyo ya 20 Mombasa ilimpata Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, ambaye kwa kalamu yake na magazeti yake aliwahimiza Waislamu waachane na yale aliyoyaona ni bidaa. Baadaye Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1968, naye aliandika kuzipinga bidaa kwa ukali. Hadi leo, katika mitaa yetu, yuko asomaye maulidi na yuko asiyeingia. Mimi si mufti, na ukurasa huu si mahali pa fatwa. Ninalolitaka ni kwamba anayemtetea Habib Saleh na anayempinga, wote wawili wamjue vizuri kabla ya kusema.

Maana wanaompinga aghalabu humwona mpiga matari tu. Na wanaomtetea, nasema hili kwa masikitiko, nao siku hizi aghalabu humkumbuka kwa matari tu.

BAADA YAKE

Habib Saleh aliiaga dunia katikati ya miaka ya 1930, akiwa mzee sana, akazikwa Lamu. Wanawe, miongoni mwao Sayyid Ahmad Badawi, waliishika Riyadha, na baada yao wajukuu. Wanafunzi walimiminika kutoka visiwa vya jirani, kutoka Mrima, kutoka Tanganyika, Unguja, Ngazija na bara ya Kenya. Waliporudi kwao walifungua vyuo vyao, na kila chuo kilikwenda na kitabu na tari. Hivyo ndivyo mpigo wa Langoni ulivyosambaa katika Afrika ya Mashariki.

Kila mwaka Mfungo Sita unapokwisha, Lamu hujaa wageni. Huwako mashindano ya punda, ya mashua na ya kuogelea, huwako mashindano ya kuandika khati, na vijana hucheza goma kwa bakora. Baada ya maulidi ya usiku, watu huenda ziyara kaburini kwake, kisha zefe hupita mjini kwa bendera na matari. Mgeni atakayeshuka jahazini siku hiyo atadhani kwamba hii ni sherehe tu. Asubuhi ya pili, wageni wakishaondoka na barabara zikishafagiwa, aende Riyadha. Atawakuta wanafunzi wameinama juu ya vitabu, na huyo ndiye Habib Saleh mwenyewe hasa.

NAKURU TENA

Sasa narudi kwa yule mtoto wa Nakuru. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, katika miaka ile ile ambayo Riyadha ilikuwa ikisimama Lamu. Reli ilipanda na watu wetu: makarani, wapishi, wachuuzi, mafundi, na baina yao walimu. Walifika katika nchi ya wafugaji na walowezi, katika mji ambao kila mtu ni mgeni kwa mwenzake. Huko hapakuwa na majumba ya mawe wala ukoo wa kujivunia. Mtu wa pwani aliyekwenda kule alijikuta hana Mkomani. Wote wamekuwa watu wa Langoni.

Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, funzo la Habib Saleh linaonekana wazi zaidi katika mji kama ule kuliko kwetu sisi tulioishi nalo mpaka tukalizoea. Mtoto ambaye nyanya yake anaswali kanisani na baba yake amesilimu juzi, haijui Arabuni wala hajapata kuiona bahari. Ukimfungulia kitabu kizito siku ya kwanza, atakimbia. Ukimpa tari peke yake, atapiga mpaka abalighi, kisha ataliacha pamoja na michezo mingine ya utotoni. Mwalimu wa Bondeni anampa vyote viwili, na kalamu ya khati katikati, ili mkono unaopiga ujue pia kuandika jina la Mola wake.

Nilimwuliza mwalimu yule alikoujifunza utaratibu huo. Akasema ni kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa mwalimu wake, na zaidi ya hapo hakujua. Sikumwongezea neno. Lakini nikawaza moyoni kwamba huenda ule ndio ukumbusho bora kwa mtu aliyekwisha kufa: kazi yake kuendelea mikononi mwa watu wasiolijua hata jina lake.

Nasi tulio pwani tujiulize. Vyama vya kaswida tunavyo vingi, kanzu za sare tunazo, na vipaza sauti vinavyosikika mitaa mitatu tunavyo. Msimu ukija tunapiga matari mpaka alfajiri. Je, asubuhi yake darasa liko wapi? Na yule mchukuzi aliyesimama pembeni mwa uwanja akiitikia kaswida usiku kucha, nani aliyemkaribisha mkekani akamfungulia kitabu? Tukikosa jibu, basi tumelirithi tari la Habib Saleh tukaiacha Riyadha yake.

Usiku ule kabla sijatoka, mwalimu aliwaambia watoto wakati umekwisha. Wakainuka mmoja mmoja, wakatundika matari ukutani. Yule aliyeuliza swali alichelewa. Alirudi mkekani, akauchukua ubao wake, akautazama mstari wake wa khati kwa mwanga wa taa, kisha akafuta herufi moja iliyopinda na kuiandika upya. Nje baridi ilikuwa kali. Nilimsubiri mpaka akamaliza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh, awarehemu waliosoma kwake na waliompinga kwa nia njema, na atujaalie sisi tuwe ni wenye kuwafungulia wengine milango. Amin.